Eabegi ya Mtumba na Namba ya Chesisi

Fundi aliingiza bisibisi bapa pembeni mwa kifuniko cha usukani, akakibandua taratibu. Kikatoka kwa mlio wa gundi iliyokauka. Mle ndani, mahali pa eabegi, ule mfuko unaojaa gesi na kumkinga mtu gari likigonga, palikuwa na kipande cha blanketi la kijivu, kimekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira wa tyubu.

Gari halikuwa letu. Lilikuwa la mama mmoja wa Iyunga, hapa Mbeya, aliyelileta gereji kwa sababu honi haikuwa inalia. Alisimama kando yangu, mkoba begani, akisubiri kuambiwa waya gani umekatika.

"Mama, hili gari ulinunua kwa nani?"

"Kwa dalali, pale Mafiat. Kwani lina nini?"

"Eabegi hakuna. Waliweka blanketi."

Mama akainama, akaangalia ndani ya usukani, kisha akageuza macho kwenye dashibodi upande wa abiria. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Sasa mbona taa haiwaki?"

Alimaanisha taa ya dashibodi inayotakiwa kuwaka eabegi ikiwa na kasoro. Wiki zimepita na swali hilo bado linanisumbua. Naandika leo kwa sababu siku ile ile, mita chache kutoka gari la yule mama, lilikuwepo gari la mdogo wangu, na sisi tulikuwa tumeenda kuamua tuweke nini mahali pa eabegi zilizolipuka.

## Inyala

Wanaotumia barabara ya Tanzam kati ya Igawa na Uyole wanaijua Inyala, sina haja ya kuieleza. Fuso lilikuwa limeharibika usiku, pembetatu hakuna, limewekewa matawi ya mti hatua chache nyuma yake. Mvua inanyesha. Mdogo wangu aliyaona matawi na Fuso kwa wakati mmoja.

Alitoka akiwa na alama ya mkanda kifuani na ngozi ya mkono imebabuka. Mama yetu alipofika hospitali alimshika uso kwa mikono miwili, akawa anarudia "ndaga, ndaga", na hatukujua anamshukuru Mungu au anamshukuru mtoto kwa kubaki hai.

Gari lake ni dogo, la Kijapani, la 2007, lile la kawaida kabisa ambalo ukisimama Kabwe dakika tano utayahesabu kumi. Nimelitazama sana lilipofika gereji. Boneti limejikunja, rejeta imerudi mpaka kwenye injini, na mifuko miwili myeupe inaning'inia, mmoja kwenye usukani, mwingine juu ya kiti cha abiria, ikiwa na vumbi la unga unga na harufu ya baruti.

Kwa wasiowahi kuwaza kinachotokea: chini ya giya kuna kompyuta ndogo inayopima mshtuko. Ikiamua kwamba mgongano ni mkubwa, inapeleka umeme kidogo kwenye kikopo cha chuma chenye kemikali, mafundi wanakiita inflata. Kemikali inaungua, gesi inajaza mfuko, na yote hayo yanaisha kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mfuko unaweza kutoka kwa mwendo wa kilomita 320 kwa saa. Ukishajaa unaanza kunywea papo hapo kupitia matundu yake, ili kichwa kikutane na kitu kinacholegea. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kwamba eabegi za mbele ziliokoa maisha ya watu 50,457 nchini humo kati ya 1987 na 2017.

Ni kazi ya mara moja. Iliyolipuka haikunjwi ikarudishwa.

## Hesabu za gereji

Bima ilikuwa ile ndogo, inayolipa hasara ya mtu mwingine tu, kwa hiyo upande huo hapakuwa na mazungumzo.

Fundi bodi alitupa bei ya kunyoosha na kupiga rangi, tukaafikiana haraka. Ugumu ulianza kwa fundi umeme. Alikaa na karatasi, akaandika: eabegi ya dereva, eabegi ya abiria, dashibodi nzima kwa sababu ya zamani imepasuka, kompyuta ya eabegi kwa sababu imeshajifunga na kumbukumbu ya ajali, waya wa mzunguko ulio nyuma ya usukani, na mikanda miwili ya mbele. Mdogo wangu aliuliza kwa nini mikanda, mbona haijakatika. Fundi akauvuta, ukagoma. Mkanda nao una baruti yake ndogo inayoukaza sekunde ile ya ajali, na ukishakazwa hivyo haufanyi kazi mara ya pili.

Vyote vikiwa vipya, vya kuagiza, bei ilikaribia nusu ya thamani ya gari. Vikiwa vya mtumba, kutoka kwenye kata ya mbele ya gari kama hilo, yaani nusu ya mbele iliyokatwa na kuuzwa kama spea, ilishuka sana.

Kisha akatupa njia ya tatu, kwa sauti ya chini.

"Au tunafunika tu, dada. Wengi wanafunika."

Sitaki kumsema vibaya fundi huyu. Ndiye aliyemwambia mama wa Iyunga ukweli wakati angeweza kuunganisha honi, kurudisha blanketi, kuchukua hela yake na kukaa kimya. Alitaja kufunika kwa sababu ndicho wateja wanachomwomba. Mtu ameshauza ng'ombe au amekopa Vikoba kutengeneza gari ambalo ndilo linalomlisha. Ukimwambia aongeze pesa nyingi kwa kitu ambacho anaomba Mungu asikitumie tena, jibu lake unalijua.

Watengenezaji wengi wa magari wanasema wazi kwamba eabegi iliyotolewa kwenye gari jingine isitumike. Nimeisoma sababu yao na naikubali: hakuna anayeweza kuijaribu bila kuiharibu. Breki ya mtumba utaikanyaga ukajua. Taa ya mtumba utaiwasha. Eabegi utaijua siku ya ajali, na siku hiyo umeshachelewa.

Lakini kwetu huku watu hawachagui kati ya mpya na mtumba. Wanachagua kati ya mtumba na blanketi.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipokwama kwa muda mrefu.

## Dashibodi ya fiba

Kabla ya kuamua, fundi alinionyesha kitu ambacho sikukitegemea. Aliegemeza dashibodi mbili ukutani. Moja ilikuwa imetolewa nzima kwenye gari la mtumba. Nyingine ilikuwa imepasuliwa na eabegi, ikazibwa na fundi fiba, ikapigwa puti, ikasuguliwa, ikavikwa ngozi ya bandia nyeusi. Kwa mbele, ile ya fiba ilikuwa nzuri kuliko mwenzake.

Akazigeuza.

Nyuma ya ile nzima kuna mstari mwembamba uliochongwa kwa ndani, wenye umbo la mlango. Ukipitisha kidole unausikia. Hapo plastiki imepunguzwa unene makusudi, ili mfuko ukitoka upasue hapo tu na kufungua kwa upande mmoja. Nyuma ya ile ya fiba hapakuwa na mstari wowote. Palikuwa na tabaka gumu la fiba na resini, nene kama kidole gumba, na nyuzi zake bado zimesimama.

"Sasa weka eabegi nzima hapa chini," fundi akasema. "Itatokea wapi?"

Mfuko unaosukumwa kwa nguvu ile utachelewa, au utatokea pembeni, au utarusha vipande vya fiba usoni mwa aliyekaa mbele. Kwa hiyo mtu anaweza kununua eabegi halali kabisa, akaipandisha juu ya kazi nzuri ya mikono, na akawa ametengeneza hatari. Wengi wetu tunasifia gereji kwa jinsi isivyoonekana kwamba gari liligonga. Tangu siku ile sisifii tena kabla ya kuuliza nyuma kukoje.

## Jibu la swali la mama

Taa haikuwaka kwa sababu ilidanganywa.

Kompyuta ya eabegi haina macho. Inachofanya kila unapowasha switchi ni kupitisha umeme mdogo sana kwenye waya wa kila eabegi na kupima ukinzani. Ikikuta omu mbili tatu, inajua kuna inflata upande wa pili. Fundi mwenye rizista, kidude kidogo cha kuzuia umeme, cha bei ya peremende, anaiunganisha mahali pa eabegi, kompyuta inapima, inakuta omu zile zile, inaridhika na kuzima taa. Ukileta mashine ya kusoma makosa nayo itakwambia kila kitu kiko sawa, maana inaisikiliza kompyuta hiyo hiyo.

Huo ndio udanganyifu wa mafundi wanaojua kazi. Wasiojua wanatoa balbu, au wanabandika gundi nyeusi nyuma ya saa za dashibodi, au wanaunganisha taa ya eabegi na taa ya oili ili zizime pamoja.

Hawa wa pili unaweza kuwakamata mwenyewe. Zungusha ufunguo mpaka ON, usiwashe injini. Taa yenye picha ya mtu na duara kifuani lazima iwake, ikae sekunde chache, kisha izime yenyewe wakati injini bado haijawashwa. Isipowaka kabisa, kuna kitu kimefichwa. Ikisubiri mpaka injini iwake ndipo izime, imeunganishwa pasipo pake. Angalia pia kifuniko cha usukani: nembo iliyokaa upande, rangi isiyofanana na dashibodi, ukingo wenye gundi. Vuta mkanda mpaka mwisho uone kama unarudi. Kwa rizista, hakuna njia nyingine ila kufungua na kuangalia kwa macho.

Askari wa usalama barabarani anapokagua gari kwa ajili ya stika nimemwona akiangalia matairi, taa, breki, mikanda. Sijawahi kumwona akifungua usukani. Simlaumu, maana hata fundi wetu alifungua ule kwa sababu ya honi.

Mama wa Iyunga alikuwa anapakia wajukuu kwenye kiti cha mbele kuwapeleka shule. Angejua hana eabegi angewafunga mkanda nyuma, angependa kufanya hivyo, alituambia mwenyewe. Aliyefunika alimnyima hata nafasi hiyo.

## Namba

Tukaamua mtumba. Mdogo wangu aliona tumemaliza. Mimi nilikuwa na jambo moja lililokuwa halijanitoka, nalo lilihusu Takata.

Takata ilikuwa kampuni ya Kijapani iliyowatengenezea eabegi watengenezaji wengi wa magari duniani. Inflata zake nyingi zilitumia naitreti ya amonia, kemikali ambayo ukanda wetu unaifahamu kupitia mbolea ya CAN. Mkulima yeyote wa Mbozi au Makambako anajua mfuko wa CAN ukiachwa wazi msimu wa mvua unavyovuta maji na kugandamana. Ndani ya inflata unyevu uliingia pole pole kwa miaka, na joto la kupanda na kushuka likaharibu vidonge vya kemikali. Siku ya ajali viliungua haraka kupita kiasi, kikopo chenyewe kikapasuka, na vipande vya chuma vikapenya kwenye mfuko na kumpata dereva shingoni na usoni. Watu zaidi ya 20 wamekufa hivyo Marekani peke yake. Mwaka 2014 alikufa mama mjamzito Malaysia. Inflata kama milioni 67 ziliitwa zirudishwe Marekani, na Takata ikaomba kufilisika Juni 2017.

Wengi waliopatwa na haya waligonga kidogo tu. Wangetoka wazima kama gari lisingekuwa na eabegi.

Nilipomweleza fundi alinijibu kwamba Mbeya ni baridi, kitu kama hicho ni cha nchi za joto. Ni kweli hapa tunavaa makoti Juni na Julai. Lakini eabegi ya mtumba haikuzaliwa Mbeya. Inaweza kuwa imekaa miaka Singapore, ikakaa tena kwenye duka la bati Dar, ndipo ikapanda mlima kuja kwetu. Na gari lenyewe halitakaa Mbeya. Mdogo wangu anateremka Kyela mara kwa mara, na Kyela si baridi.

Magari yaliyoitwa yarudishwe yanatafutwa kwa namba ya chesisi. Unaiandika kwenye ukurasa wa mtengenezaji, unaambiwa kama gari lako limo na kama limeshatengenezwa. Gari zima linatembea na namba yake, hata likivuka bahari. Eabegi ikishatolewa na kutupwa kwenye lundo dukani, haiwezi tena kuulizwa ilitoka kwenye gari gani. Ile iliyotakiwa irudi kiwandani na ile salama zinakaa kwenye rafu moja, kwa bei moja.

Kwangu mimi, hapa ndipo uamuzi ulipogeuka. Nilikuwa nahangaika na swali la mpya au mtumba. Swali lenye maana likawa: mtumba wa gari gani?

Nikamwambia fundi hatununui eabegi ya rafuni. Tunanunua kutoka kwenye kata ambayo bado ina kibati cha namba kwenye ukuta wa injini, vitu vyote vya gari moja, na gari hilo lisiwe limezama majini wala lisiwe limelipua chochote. Alikuna kichwa. Akasema hajawahi kuombwa hivyo, lakini akapiga simu, na jioni picha ya kibati ikaja.

Nilitafuta namba ile usiku kwenye ukurasa wa mtengenezaji, wa Kijapani, nikisaidiwa na simu kutafsiri. Upande wa dereva hapakuwa na tatizo. Upande wa abiria gari lilikuwa limeitwa lirudishwe, na halikurudishwa.

Nililisoma jibu lile mara kadhaa. Bila picha ya kile kibati, kitu hicho kingekuwa kimeshafungwa mbele ya uso wa mama yetu, maana ndiye anayekaa kiti hicho.

## Upande wa kushoto

Tukanunua vilivyo salama: eabegi ya dereva, kompyuta, mikanda, dashibodi. Ya abiria tukaiacha, na nikamwomba muuzaji asimuuzie mtu mwingine. Aliitikia. Sina namna ya kumfuatilia.

Mabishano makali yalikuja baada ya hapo. Saketi ya abiria ikiwa wazi, taa inawaka muda wote. Fundi akapendekeza rizista upande ule mmoja tu. Hoja yake haikuwa ya kitapeli: magari hayafanani, kuna ambayo kosa la saketi moja linaziacha nyingine zifanye kazi, na kuna ambayo mfumo mzima unajizima. Kwa rizista moja, alisema, angalau dereva analindwa kwa uhakika.

Mdogo wangu akaongeza yake. "Dada, taa ikiwaka kila siku nitaizoea. Siku ikiwa na habari nyingine sitaiangalia."

Nilikosa jibu la haraka, na bado naziheshimu hoja zote mbili. Nilichowaambia ni kwamba rizista haitajua kwamba ni ya muda. Itabaki humo gari likiuzwa, na halafu likiuzwa tena, na hakuna hata mmoja kati yetu atakayekuwepo kumweleza atakayekaa kushoto. Rizista kwenye gari la mama wa Iyunga nayo pengine iliwekwa na mtu mwenye sababu nzuri.

Tuliafikiana hivi: saketi inaachwa wazi, taa inawaka, fundi anaandika kwenye risiti namba ya chesisi ya gari zilikotoka spea, na juu ya dashibodi kushoto pamebandikwa karatasi isemayo hapa hapana eabegi. Mama anakaa nyuma. Amenung'unika kwamba anawekwa nyuma kama mgeni, lakini anakaa. Na mdogo wangu haendeshi usiku wala hateremki Kyela mpaka kazi iishe, kwa sababu kama gari lake ni la aina ile inayojizima, basi hata yeye hana kitu mbele yake.

Kata ya pili imepatikana Ilala. Picha ya kibati imekuja, namba nimeitafuta, na mara hii pande zote mbili ziko sawa. Kinachobishaniwa sasa ni usafiri. Muuzaji alitaka kuifunga eabegi kwenye kiroba na kuitupa kwenye buti la basi pamoja na magunia. Kitu chenye baruti hai kina masharti yake ya kusafirishwa, na si basi la abiria. Tumemwambia mdogo wangu mwingine aliyeko Dar atafute gari la mizigo linalopanda Mbeya, aifunge kwenye boksi gumu, upande wa mfuko ukiangalia juu, kisiwekwe kitu juu yake, na dereva aambiwe amebeba nini. Fundi anasubiri. Ameshaniambia ikifika atatoa betri na kungoja kwanza, umeme uliobaki kwenye kompyuta uishe, ndipo aguse waya.